Mama Laini Apelekwa Matembezi

Kwa miaka thelathini na mmoja mwanamke huyu alifanya kazi ya kuwakutanisha watu ambao yeye mwenyewe hakuwaona. Alikuwa opereta wa simu za mbali, enzi zile ambapo mtu wa mji mmoja akitaka kusema na ndugu yake wa mji mwingine ilibidi kwanza apite mikononi mwa opereta. Alikaa kwenye kiti cha kuzunguka, visikizio kichwani, mbele ya ubao uliojaa matundu, akichomeka waya hapa na kuchomoa pale, na kila alipofanikiwa alisema, "Haya, laini iko tayari, ongeeni." Alilisema hilo mara nyingi mno hata likamganda. Mtaani kwao hakuna aliyemwita vingine. Daktari wa meno aliwahi kuandika "Mama Laini" kwenye kadi yake ya matibabu, akashtuka, akafuta.

Alikuwa mfupi, mnadhifu, mpenda viatu, na mwenye sauti nzuri ambayo alijua fika kwamba ni nzuri. Hakuwa mtu wa kwenda mahali. Miji yote ilimfikia palepale kitini. Aliijua kwa masikio tu: kule bandarini watu huongea kama wanaokimbizwa, kule kwenye mashamba ya miwa huanza na salamu ndefu mpaka muda unakwisha, na kisiwani kuna Sitini.

Sitini alikuwa opereta mwenzake wa upande wa pili, kwenye kituo cha simu cha kisiwa kimoja kidogo. Kazini waliitana kwa namba za vituo vyao. "Umeamkaje, Sitini?" "Sijambo, Arobaini na Mbili, mvua bado?" Majina yao ya kweli waliyajua lakini hawakuyazoea. Miaka kumi na tisa walizungumza kila siku ya kazi, dakika mbili hapa, dakika tatu pale, wakisubiri mteja. Mama Laini alipojifungua mtoto wake wa pekee na mtoto akawa analia bila kituo, ni Sitini aliyemwelekeza namna ya kumlaza kifudifudi mapajani na kumkanda mgongo. Mumewe alipofariki, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Sitini. Hawakuwahi kuonana hata kwa picha. Kisha mitambo mipya ikaja, maopereta wakapewa barua zao, na asubuhi moja laini ilikatwa huku Sitini akiwa katikati ya kusimulia habari za mapazia aliyomshonea jirani. Ikawa ndiyo basi tena.

Miaka ishirini na mbili baadaye, Jumamosi moja alasiri, mwanawe alikuja peke yake. Alikuwa wakala wa bima, kijana mtanashati mwenye ulimi wa asali; tangu utotoni alikuwa na kipaji cha kumwambia kila mtu lile ambalo mtu huyo angependa kusikia.

"Mama, tunataka kukutembeza."

"Kunitembeza? Kwani mimi naumwa?"

"Miji mitatu na visiwa viwili. Siku ishirini na sita. Mimi, mama watoto, watoto na wewe. Ni safari ya kujibana, tutalala gesti za kawaida na kupanda mabasi ya kawaida, lakini tutafika kila mahali."

Akavitaja vituo kimoja kimoja. Alipofika kwenye kisiwa cha mwisho, Mama Laini aliweka kikombe chini. Kilikuwa kisiwa cha Sitini. Hakumwambia mwanawe neno. Alisema tu kwamba atahitaji viatu vya turubai.

Mwanawe alipokuwa akiondoka alisimama mlangoni, akashusha sauti. "Kuna jambo moja, Mama, na ninakwambia wewe tu. Mimi na mwenzangu hatuko sawa. Mwaka mzima huu hatujakaa chini tukaongea kama watu. Safari hii ni ya kujaribu kutengeneza. Kwa hiyo ukiona tunatoka wawili, tupishe kidogo. Ukae na watoto. Na usimwonyeshe kwamba unajua, ataona aibu."

"Nimesikia makubwa kuliko hayo kwenye zile nyaya," alisema Mama Laini, "na mdomo wangu haujawahi kufunguka."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," mwanawe akasema, akambusu paji la uso.

Wakaondoka. Mtaa mzima ulijua, maana Mama Laini alikuwa ameuaga mlango kwa mlango, kofia kichwani.

Mji wa kwanza walikaa siku sita, kwenye gesti ya ghorofa nne isiyo na lifti. Wao walipewa ya nne. Kilikuwa chumba kimoja cha vitanda vitatu, feni ya darini iliyozunguka kwa mlio wa mtu anayesaga meno, sinki lililopasuka pembeni na dirisha moja. Dirisha lilitazama ukuta. Haukuwa ukuta wa mbali. Mtu angenyoosha mkono na fimbo ya ufagio angeugusa. Ulikuwa ukuta wa kiwanda cha kuchapa vitabu, na kutwa nzima mashine zake zilitwanga upande wa pili.

Asubuhi ya kwanza mkwewe, ambaye alikuwa fundi wa maabara na mtu wa utaratibu, alibandika karatasi nyuma ya mlango: saa ya maziwa, saa ya kulala, saa ya kuoga. Mjukuu wa kike alikuwa na miaka sita na maswali elfu. Wa kiume, ambaye Mama Laini alimwita mume wangu, alikuwa na mwaka na nusu, kilo kumi na mbili, na hakupenda kushuka ngazi wala kupanda ngazi wala kubaki alipo.

"Saa mbili tu, Mama," alisema mwanawe, akatoka na mkewe.

Walirudi jua likizama. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Ufunguo wa chumba ulikuwa mmoja, na ulibaki kwake. Akitoka nao, wenye safari wangekuta mlango umefungwa. Kitambulisho chake na tiketi zake zilikaa kwenye mkoba wa mwanawe, zisipotee. Basi alikaa. Alimlisha mume wake, akamsimulia yule binti, mke mwenzake mdogo, hadithi mpaka zikamwishia, akaanza kumsimulia simu alizounganisha miaka ya nyuma, bila majina. Mchana watoto walipolala alisimama dirishani akauangalia ukuta. Kufikia siku ya nne aliujua kama uso wa ndugu: palipobanduka rangi, palipoota ukungu wa kijani, bomba lililovuja kwa hesabu ya tone moja kila akivuta pumzi mbili.

Siku ya tano walimteremsha. Walimpeleka kwenye mnara wa saa, wakampanga katikati, mpita njia akawapiga picha. Aliziona bustani, aliona barabara pana yenye maduka ya vitambaa, akasikia watu wakiongea upesi kama wanaokimbizwa, akatabasamu, maana wale aliwafahamu. Alitaka kusimama awasikilize. Mtoto akaanza kulia, mwanawe akasema, "Mama amechoka," na wakarudi ghorofani.

Hakuwa amechoka. Alitaka kulisema hilo, kisha akamwona mkwewe amemshika mumewe mkono wakivuka barabara, akanyamaza. Kama vidonda vinapona, alijiambia, mimi ni nani wa kuvitonesha.

Hivyo ndivyo ilivyoendelea. Mji wa pili ulikuwa chumba kilichonuka rangi mbichi, na usingizi wa kwenye mkeka. Kisiwa cha kwanza kilikuwa mvua siku tano mfululizo, nguo za mtoto zikining'inia kwenye kamba kutoka kitasa cha mlango hadi msumari, na wao wawili bado wakatoka na mwavuli. Jioni moja mkwewe alirudi na kopo la dawa ya kuchua. "Hii ni yako, Mama," alisema kwa sauti ya chini, akaliweka chini ya mto kama anayeficha kitu. Mama Laini alishukuru. Aliona ni zawadi ya ajabu kidogo, lakini mkwe ni mkwe, zawadi yake haikaguliwi. Mji wa tatu hakubaki na kumbukumbu yake yoyote isipokuwa kunguni.

Kuna nyakati alishikwa na hasira, tena hasira ya kweli, ya kutaka kulitupa lile kopo ukutani. Lakini angemkasirikia nani? Hakuna aliyemfungia. Mlango haukuwa na komeo kwa nje. Walimletea matunda, walimuuliza kama amelala vizuri, mwanawe alimwita malkia. Mtu anayetendewa mema namna ile hana pa kuanzia kulalamika, na kila alipofungua mdomo aliikumbuka ile sauti ya mlangoni: usimwonyeshe kwamba unajua.

Wakafika kisiwa cha Sitini wakiwa na siku tatu za kukaa hapo.

Gesti ilikuwa ya chini, nyeupe, na kutoka kitandani aliona kipande cha bahari chenye upana wa taulo, kati ya tangi la maji na ukuta wa jirani. Siku hiyohiyo alisema, "Mimi nataka kwenda posta."

"Posta, Mama?" Mwanawe alicheka. "Siku hizi nani anakwenda posta?"

"Kuna mtu nataka kumuulizia."

"Kesho. Kesho tutakupeleka wote, twende kama familia."

Kesho ikafika, kumbe walikuwa wamelipia nafasi kwenye boti ya kwenda kwenye miamba, na boti haisubiri. Siku ya tatu asubuhi aliuliza tena. "Jioni, Mama," alisema mwanawe huku akifunga kamba za viatu. "Tutarudi mapema, naahidi." Meli ya kuondoka ilikuwa alfajiri inayofuata. Mama Laini alifanya hesabu ya posta na jioni. Ofisi gani inayomsubiri mtu jioni?

Alipiga moyo konde. Saa tano na nusu aliwavisha watoto kofia, akavaa viatu vya turubai ambavyo soli zake zilikuwa bado mpya, akatoka. Mwenye gesti hakuwepo mapokezi, kwa hiyo ufunguo alimwachia mfua mashuka aliyekuwa uani, akamwomba awape wakija. Kisha akamweka mume wake kiunoni, akamshika binti mkono, akaingia barabarani kama mtu aliyetoroka bweni.

Jua lilikuwa kali. Barabara ilishuka kati ya nyumba za matofali ya saruji zenye mabati mekundu. Palikuwa na duka la dawa, kinyozi, fundi wa friji aliyepanga milango mitupu ya friji nje kama makaburi, shule iliyokuwa kwenye mapumziko. Alitembea upesi. Alitembea kwa kasi aliyoisahau, mpaka mjukuu akawa anaruka hatua mbili kwa moja yake.

"Bibi, tunamkimbia nani?"

"Hatumkimbii mtu. Tunawahi laini."

Posta ilikuwa jengo la zamani lenye ngazi tatu na kaunta moja. Karani alikuwa mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama Laini alimweleza anayemtafuta.

"Yule mama wa simu?" Karani akavua miwani. "Alikaa nyumba moja na shangazi yangu, ua wao ulikuwa mmoja. Lakini alihama, miaka sita sasa. Binti yake alikuja kumchukua."

"Akampeleka wapi?"

Karani akautaja mji. Ulikuwa ule wa kwanza, wa mnara wa saa.

Mama Laini alikaa kwenye benchi la wateja. Siku sita. Siku sita alikuwa mji mmoja na Sitini, akihesabu matone ya bomba. Mtoto alimvuta hereni na hakusikia maumivu. Yule karani, ambaye alikuwa mtu mwema, alidhani ni jua, akamletea maji kwenye kikombe cha bati. Kisha, bila kuombwa, akampigia shangazi yake, akaandika namba nyuma ya fomu ya vifurushi, akaibonyeza kwenye simu ya kaunta na kumsogezea mkono wa simu.

Iliita mara nne.

"Haloo," ilisema sauti. Ilikuwa imekauka kidogo, kama nguo iliyokaa sana juani. Lakini ilikuwa yenyewe.

"Sitini," alisema. "Hapa Arobaini na Mbili."

Upande wa pili mtoto mchanga alikuwa akilia.

"Laini ilikatika," ilisema sauti. "Nilikuwa nakwambia habari za yale mapazia."

Mama Laini alicheka mpaka machozi yakamtoka, na karani akageuka kujifanya anapanga stempu.

"Uko wapi?" aliuliza Sitini.

"Niko kwenu. Niko hapa posta."

"Na mimi siko."

"Nimeambiwa. Nilikuwa huko kwako wiki tatu zilizopita. Siku sita nzima."

"Eh. Ukaona nini?"

"Ukuta."

"Mimi naona kituo cha mafuta," alisema Sitini. "Ghorofa ya tatu. Wajukuu watatu, na wa nne yuko njiani. Subiri kidogo, huyu anakula sabuni." Ilisikika purukushani, kisha akarudi. "Utapita tena huku?"

"Kesho, Alhamisi. Meli inafika saa sita mchana, basi letu la nyumbani linaondoka saa tisa, pale stendi kuu."

"Nitakuja stendi. Nitakuja na huyu mdogo, sina wa kumwachia. Utanijuaje?"

"Nitakusikia," alisema Mama Laini.

Aliporudi gesti alikuta mambo yameharibika. Mfua mashuka alikuwa amemaliza kazi akaenda zake, ufunguo mfukoni, na mwanawe na mkwewe walikuwa wameketi kwenye sakafu ya ujia, maji ya chumvi yakiwakaukia mwilini. Kweli walikuwa wamerudi mapema, siku hiyo moja kati ya zote.

"Mama!" Mwanawe alisimama. "Unatoka na watoto bila kuaga? Tumezunguka mtaa mzima. Tumeuliza mpaka hospitali."

"Nilikwenda posta."

"Si nilikwambia jioni?"

"Uliniambia kesho, kisha ukaniambia jioni. Nimekwenda mchana."

Mkwewe alimpokea mtoto, akavitazama viatu vya mama mkwe wake, vilivyojaa vumbi hadi vifundoni. "Umetembea mpaka posta?" aliuliza taratibu. "Na huyu kiunoni?"

"Basi, yaishe," mwanawe alidakia haraka. "Yaishe, bora wamefika salama. Tutafute ufunguo." Akatoka mbio kumfuata mfua mashuka, ingawa hakuna aliyejua anakoishi.

Asubuhi yake wakiwa melini, bahari ilichafuka kidogo na mwanawe, ambaye tumbo lake halikupenda maji, alikwenda kulala chini ya sitaha, kwenye mabenchi, shati limefunika uso. Mama Laini na mkwewe walikaa sitahani chini ya turubai, mtoto mdogo amelala kati yao. Binti wa miaka sita alikuwa akimsimulia mama yake habari za posta.

"Bibi anatembea haraka sana. Nilikuwa nakimbia na bado ananiacha. Akavuka barabara mbio, akaruka na mtaro."

Mkwe akamtuma mtoto akaangalie mawimbi pale karibu kwenye vyuma, asitoke machoni.

"Mama," alisema, "miguu yako inaendeleaje?"

"Miguu gani?"

"Mwenzangu aliniambia. Tangu kabla hatujatoka nyumbani. Alisema miguu inakutesa, kwamba kutembea hata robo saa ni taabu, na kwamba unaona haya kusema, nisikuulize kabisa. Ndiyo maana nikanunua ile dawa." Alikuwa akilikunja na kulikunjua pindo la kanga aliyomfunika mtoto. "Mimi nilitaka twende sote, Mama. Kila asubuhi nilimwambia, tumchukue Mama na watoto, twende polepole, hata tukiona kitu kimoja kwa siku. Akasema utateseka. Akasema wewe mwenyewe umemwomba ubaki."

Mama Laini aliitazama bahari, sasa yote, kutoka ukingo hadi ukingo, na hakuiona.

"Na huko mlikokuwa mnakwenda," alisema, "mlikuwa mnafurahi?"

Mkwe alitikisa mabega. "Tulikuwa tunazunguka. Nilikuwa nawaza watoto. Yeye anapenda tukiwa wawili. Sikatai, ni vizuri, mume akitaka kuwa nawe. Mwaka huu amekuwa na kazi nyingi mno, nikafikiri labda anajirudi." Akamgeukia. "Kwa hiyo miguu ni kweli, au?"

Hapo ndipo Mama Laini alipoona kila kitu mahali pake. Mwanawe alikuwa amempaka kila mmoja wao mafuta kwa mgongo wa chupa. Si kwa ubaya. Hakuwa na ubaya wa kujaza kijiko. Alitaka mapumziko bila kelele za watoto, akatafuta maneno yaliyomfaa kila mtu, akayagawa. Yule mwanamke aliyekaa mbele yake hakujua hata kwamba ndoa yake ilikuwa mgonjwa. Na pengine haikuwa. Au pengine ilikuwa, upande mmoja tu, na mwenye ugonjwa alikuwa amelala chini akiwa na shati usoni.

Alikuwa na nyaya mbili mkononi. Angesema neno moja, "Miguu yangu mizima," na mkwe angeunganisha yaliyobaki mwenyewe: mtu wa maabara, mtu wa kupima na kujua. Kisha ingekuwaje? Siku moja na nusu ya basi, watu watano viti vya pamoja, na ndoa iliyopasuka katikati yao kwa mkono wa mama mkwe.

"Ni kweli," alisema. Sauti yake ilitoka safi, ile ya kazini. "Ila huja na kuondoka. Jana ilikuwa afadhali, nikajisahau. Usiku nimeipata."

Mkwe akamtazama kwa kitambo. Kisha, kwa upole uliomchoma Mama Laini kuliko tusi, aliinama, akamvua viatu, akaipakata miguu yake na kuanza kuikanda kwa ile dawa. Alikanda muda mrefu. Dawa ilikuwa kali, inawasha, na miguu haikuwa na kitu.

Meli ilichelewa. Badala ya saa sita ilifunga saa nane, na walipofika stendi kuu, mizigo mgongoni, zilikuwa zimebaki dakika ishirini na tano. Mama Laini alisema kuna mtu anakuja kumsalimia na akakaa kwenye benchi la saruji karibu na choo cha kulipia. Hakuomba ruhusa. Mwanawe alitaka kusema kitu, mkwe akamgusa mkono. "Mwache apumzishe miguu."

Alikuwa akimtarajia mwanamke mwembamba. Sauti ile ilikuwa ya mtu mwembamba. Aliyekuja alikuwa mrefu, mnene, amevaa ndala za kiume, na kitoto kilichotapakaa makombo ya biskuti kidevuni. Wakatazamana. Ilikuwa aibu isiyo na jina. Kila mmoja aliutafuta uso wa mwenzake na hakumkuta ndani yake mtu anayemjua.

"Wewe ni mfupi," alisema Sitini.

"Na wewe umekula nini?"

Wakajaribu kucheka. Haikuwa rahisi. Basi Sitini akakaa kando yake benchini, wote wawili wakatazama mbele, kwenye mabasi, na mara tu walipoacha kutazamana sauti zikarudi. Waliongea kama zamani, upesi, wakikatizana. Sitini alimaliza habari ya mapazia: jirani aliyakataa kwa sababu yalikuwa mafupi, akayachukua yeye, na hadi leo yako dirishani kwake, yakiziba kile kituo cha mafuta. Wajukuu wao wawili wadogo walikaa chini miguuni mwao wakinyang'anyana chupa tupu.

"Wanakutunza?" aliuliza Mama Laini.

"Binti yangu ni mtu mzuri sana," alisema Sitini. "Hilo ndilo linanishinda. Angekuwa mbaya ningeshaondoka."

Mama Laini aliitikia kwa kichwa, akasahau kwamba mwenzake hamtazami, kisha akasema, "Nimekusikia."

Akamweleza habari za miguu. Alimwambia yote, tangu mlangoni hadi melini, na hakuwa amewahi kumwambia mtu jambo la mtu mwingine maisha yake yote. Sitini alisikiliza bila kukatiza.

"Utafanyaje?"

"Sijui. Nimeshasema ndiyo."

Dereva wa basi akapiga honi mara mbili. Mwanawe alikuja kumchukua mkoba, akamsalimu Sitini kwa bashasha zake zote, akamwambia kwamba mama yake amekuwa akimtaja njia nzima. Sitini alimtazama huyo mtu mzima ambaye wakati mmoja alimponya kilio kwa simu. "Ndiyo wewe," alisema tu.

Nyumbani walifika salama. Picha ya mnara wa saa iliwekwa kwenye fremu, na majirani wakaja kuuliza habari za miji na visiwa. Mama Laini aliwasimulia. Aliwaambia watu wa bandarini wanavyoongea, wa mashamba ya miwa wanavyosalimia. Yote ya zamani, ya masikioni, na hakuna aliyegundua.

Alikaa wiki mbili akitafuta saa ya kumshika mwanawe peke yake, na alipompata alimwambia anajua. Mwanawe aliinamisha kichwa. Alisema alikuwa amechoka sana mwaka ule, kwamba hakutaka mtu aumie, kwamba Mama asimwambie mkewe, tafadhali, maana sasa wanaelewana kuliko wakati wowote. Na ilikuwa kweli. Kila mtu aliliona hilo. Mama Laini alimtaka aape kwamba hatasema tena uongo. Aliapa palepale, kwa wepesi wake uleule.

Sitini hupiga kila Jumapili asubuhi, binti yake akiwa nyumbani kushika watoto. Huongea nusu saa, wakati mwingine zaidi.

Mkwe ameanza kupanga safari ya mwakani. Ametafuta gesti za chini tu, zisizo na ngazi, na kila mji ameuliza kwanza umbali kutoka stendi hadi mlangoni, kwa sababu ya Mama. Safari hii, amesema, watakwenda wote pamoja, hata kama itabidi wamsukume kwenye kiti cha magurudumu. Ameshampata wa kuwaazima hicho kiti. Huja kila Jumatano na kopo jipya la dawa, na Mama Laini, akisikia lango likifunguliwa, huacha alichokuwa akifanya, hukaa chini, kisha huinuka kumpokea polepole, mkono mmoja ukishika meza.